Inua Kiuno

Zamda alilala chali kwenye mkeka, pale kilipokuwa kitanda cha mama yake. Simu aliiegemeza kwenye beseni. Kwenye skrini alionekana Shekue, mtaalamu wa viungo, aliyemsimamia mazoezi ya mgongo kutoka mji mwingine.

"Kunja magoti, dada. Sasa inua kiuno, polepole."

Akainua. Maneno hayo aliyasema yeye kila asubuhi, alipombadilishia mama shuka.

"Kwenye fomu umeandika mgongo ulianza kuuma kwa kumwinua mama," Shekue alisema. "Bado unamwinua peke yako?"

"Hainuliwi tena. Tulimzika Jumatatu."



"Pole," alisema Shekue.

Zamda akaanza kushusha kiuno, taratibu zaidi. "Hivi?"

"Hapana, dada. Nakupa pole."

"Nishapoa," alijibu, kama alivyowajibu wote msibani.

Kisha akainua kiuno tena, bila kuambiwa, akakiacha juu. Shekue akamwambia inatosha, ashushe. Mapaja yalikuwa yakimtetemeka. Zamda alitazama dari akangoja, kama mtu ambaye bado hajatandikiwa shuka safi.