Uso wa Kampuni

Marubani wote wa shirika letu tuna uso mmoja: mlaini, mtulivu, usio na umri. Unabandikwa siku ya kusaini mkataba, na ni marufuku kuubandua, hata nyumbani. Mume wangu Mbaraka naye ni rubani.

Leo asubuhi binti yetu Tatu aliingia jikoni, akanitazama, akamtazama baba yake. Kabla hatujasema neno akauliza, "Leo mama ni nani?"

Nilikwenda bafuni nikaubandua. Niliporudi na kovu langu la shavuni na makunyanzi nisiyoyajua, Tatu alijificha nyuma ya baba yake.

"Watakufukuza, Mama Tatu."

"Wakinifukuza, angalau watajua wamemfukuza nani."

Abiria waliponiona mlangoni mwa ndege walianza kunong'ona. Nikashika kipaza sauti.

"Mimi ni Kapteni Mwanakombo Shee, na huu ndio uso wangu. Asiyeuamini ashuke, mlango bado uko wazi."

Hakuna aliyeshuka. Tulipovuka mawingu, jua likanipiga shavuni kwa mara ya kwanza tangu kabla Tatu hajazaliwa. Liliniunguza. Nikaliacha liniunguze.