Yai la Kukunja la Kinue

Mkoba wa Kinue ulikuwa umeshafungwa na kuwekwa mlangoni, na yeye bado alikuwa anavunja mayai.

Shauri lilikatwa jana. Apike yai la kukunja, lenye mwani ndani, peke yake, bila kuelekezwa. Likitoka sawasawa, atabaki katika nyumba hii. Likiharibika, gari la makao ya wazee litakuja kumchukua saa sita.

Tomoe alisimama karibu na friji, mikono kifuani. Shunsaku alikaa mezani, anakunja gazeti na kulikunjua. Ugomvi ulikuwa wa hao wawili, lakini mkoba ulikuwa wa Kinue.

"Sukari hajatia," Tomoe alisema.

"Mwache, atatia."

"Mwache, mwache. Wiki iliyopita tulimwacha, moshi ukajaa mpaka chumba cha juu. Wewe asubuhi unapanda treni yako ya kwenda kazini Sendai, umeondoka. Anayeshinda naye humu ni mimi."

Kinue hakugeuka. Alitia sukari, chumvi kidogo na mchuzi wa samaki mkavu, akakoroga taratibu kwa vijiti, yai lisitoe povu.

Alipaka mafuta kikaango cha pembe nne, akadondosha tone la yai kwa ncha ya kijiti. Likalia chwaa. Akamimina, akatoboa mapovu.

Halafu mikono yake ikasimama. Akakaa hivyo, anatazama tu.

"Unaona?" Tomoe alinong'ona. "Amekwama."

Shunsaku aliinuka nusu, mdomo wazi. Tomoe akamwekea kidole mbele ya uso.

"Ukimwambia tu, hesabu ameshindwa."

Yai lilianza kukauka pembeni. Shunsaku akafumba macho. Ndipo Kinue akachukua karatasi ya mwani, akailaza juu ya yai ambalo upande wake wa juu ulikuwa bado laini, akakunja kuja upande wake, kidogokidogo. Akalisukuma gombo mbele, akapaka mafuta, akamimina tena, akaliinua ili yai jipya lipite chini yake. Sasa vijiti vilikuwa vinakwenda vyenyewe. Mwishowe akalibana kwenye mkeka mdogo wa mianzi likae sawa, akazima gesi.

Alipokata, kila kipande kilionyesha mstari mweusi uliojizungusha ndani ya manjano, bila mwanya hata mmoja. Akavipanga vile vizuri kwenye sahani, akaisukuma mbele yao kwa mikono miwili.

Tomoe alitafuna muda mrefu. Akachukua kingine.

"Tamu," alisema, kama mtu aliyelazimishwa. Akaenda mlangoni, akarudi na mkoba. "Haya, nimeshindwa mimi. Nitawapigia simu wasije."

Shunsaku akacheka, kicheko cha kwanza siku ile. Akanyoosha mkono kwenye ubao wa kukatia, palipobaki vile vipande viwili vya pembeni visivyo na sura.

Kinue akausogeza mkono ule polepole, kwa adabu.

"Samahani, mgeni hapewi vya pembeni," alisema. "Hivyo namwekea mwanangu Shunsaku, akitoka shule."