Vigelegele Vitano

Serikali ilimrudisha Kagwe kutoka vita vya Burma akiwa na nishani kifuani na mkongojo kwapani, kisha ikamsahau.

Miaka sita baadaye, Singasinga mmoja, seremala wa Thika, alimfunga mguu wa mti aliouchonga mwenyewe, laini kama mpini wa jembe kuukuu.

"Sasa tembea, bwana askari," alisema.

Kagwe aliuegemeza mkongojo ukutani, akatoka polepole kuelekea sokoni.

Mama yake alimwona. Akaacha viazi vyake, akapiga vigelegele vitano, vile ambavyo Wakikuyu humpigia mtoto wa kiume akizaliwa.

Wachuuzi wenzake wakageuka. "Nani amejifungua?"

"Mimi," mama akajibu, huku akicheka na kulia. "Tena huyu wangu amezaliwa akitembea."