Fundi Cherehani Anayegombea Urais

Tangu sheria ilipomzuia yeyote aliyewahi kufanya kazi serikalini kugombea urais, zahanati za kufuta kumbukumbu zilijaa watu waliotaka kusahau ajira zao za zamani, na Kidawa akaanza kumchunguza mumewe. Chande, fundi cherehani, alikuwa mgombea, na aliapa hajawahi kukalia kiti cha ofisi ya umma hata siku moja. Mbona basi alishika pasi kama anayegonga muhuri?

Asubuhi hiyo, wakisubiri maofisa wa Tume ya Uchaguzi waje kuwahoji, Kidawa alimpelekea gauni lake lililofumuka.

Chande hakuinua macho. "Faili lako halionekani, mama. Njoo kesho."

Kidawa akajibu papo hapo, "Nimwite anayefuata, mheshimiwa?"

Wakatazamana.

Kidawa hakuwahi kuajiriwa popote. Angalau ndivyo alivyokumbuka.