Kikapu Nyuma ya Banda la Kuni

Kutoka dirisha la darini, Aslaug alimwona mumewe amekiinamia, nyuma ya banda la kuni, kikapu cha uyoga ambao yeye Aslaug alitoka kuuchuma. Gjermund alikimwaga chote kwenye majani makavu, akatoa mfuko wa karatasi ndani ya koti, akakijaza upya kwa uyoga mwingine. Akaangaza kushoto na kulia. Kisha akaingia jikoni akipiga mluzi.

Aslaug alikuwa mwandishi wa hadithi za mauaji ya vijijini, zile za watu kuuana kwa adabu na chai mkononi. Kila Jumamosi pia aliandikia gazeti la wilaya makala ya majira: theluji inavyoyeyuka, kuni zinavyopangwa, uyoga unavyochumwa. Wasomaji waliapa kwamba hakuna aujuaye msitu kama yeye.

Sasa aliyapima upya mambo madogo ya nyumbani mwake. Gjermund hakuwahi kula uyoga maishani mwake. Gjermund alichukia kutembea, lakini tangu majani yaanze kupukutika, aliamka kabla yake na kurudi na matope kwenye buti. Na juzi, wakinywa kahawa, aliuliza swali.

"Yule bwana wa kitabuni mwako, aliyelishwa uyoga. Alichukua muda gani kufa?"

"Wiki mbili hivi. Figo ziligoma. Kwa nini?"

"Na siku za mwanzo hakusikia kitu?"

"Hata kidogo."

Gjermund alisukuma miwani ya mkewe kuelekea upande wake wa meza. "Ukienda msituni uwe unavaa hii, mama."

"Nionekane kikongwe? Msitu ule naujua kwa miguu."

Jioni ya siku hiyo ya kikapu, Gjermund aliuleta uyoga mezani, umepikwa kwa krimu, umemwagwa juu ya mkate wa kukaanga.

"Kula basi. Umeshinda msituni kutwa."

"Kichwa kinaniuma."

"Pole. Basi nitakuwekea, utakula kesho." Alitabasamu. Tabasamu lenyewe ndilo lililomtia Aslaug baridi mgongoni.

Jumapili asubuhi, Gjermund alipokwenda kuimba kwaya, Aslaug alifunga sanduku la nguo akalitia garini. Uyoga uliobaki kikapuni akauweka katika mfuko mmoja. Ule aliouchuma mwenyewe, uliotupwa nyuma ya banda, akauokota na kuutia katika mfuko wa pili, ili mkaguzi wa uyoga alinganishe halali na haramu.

Kwenye maegesho ya msituni, Herborg mkaguzi alikuwa amekaa mezani pake kama kila Jumapili ya msimu, akiwatengea wachumaji uyoga wa kula na wa sumu, na watu wamepanga foleni na vikapu vyao. Aslaug alisimama nyuma yao. Akithibitishiwa sumu, angekwenda polisi moja kwa moja, na nyumbani asingerudi tena.

"Haa, bibi sumu!" Herborg alicheka. "Leo umemuua nani?"

"Kagua tu, Herborg. Anza na huu wa kikapuni."

Herborg aliupanga uyoga mezani mmoja mmoja, akaugeuza, akaunusa. "Uyoga wa faneli mtupu. Safi kabisa. Kampelekee mzee wako, mle."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Aliyeuchuma huu ana macho ya mwewe na subira ya mtakatifu. Lete huo mwingine."

Alipoufungua mfuko wa pili, Herborg aliacha kucheka. Aliutoa uyoga mmoja, akaupindua juu chini. Akautoa wa pili. Wa tatu akauweka kando peke yake, akajifuta vidole kwenye aproni.

"Huu unafanana na faneli, lakini ni ule wa kuua figo. Na huu. Na huu pia. Mungu wangu, karibu nusu ya mfuko! Aslaug, nani kachuma huu?"

Foleni nzima ilitega sikio.

"Mimi," alisema Aslaug.