Machozi ya Ngiri

Alikuwapo Ngiri mmoja aliyeipenda roho yake kupita kiasi. Siku wawindaji walipowamiminia risasi wanyama waliokuwa wakinywa maji bwawani, alifika matangani mbio, machozi yakimtiririka. Bi Choroa, aliyefiwa na mwanawe, hakuwahi hata kuitikia salamu.

"Walitaka nini, dada?" Ngiri aliuliza.

"Pembe."

"Pembe tu?"

"Pembe tu."

Machozi yakamkauka papo hapo. "Ah, kazi ya Mungu," akasema, akala chakula cha matanga hadi akashiba, akaenda zake akipiga mluzi.

Haukupita muda, uvumi ukaenea kwamba wawindaji sasa wanataka meno. Ngiri, ambaye meno yake yamechomoza hadi nje, akaingia shimoni kinyumenyume, kama ilivyo desturi ya ngiri, akapiga mayowe: "Wenzangu, hili ni letu sote!"

Kila mnyama alikuwa na shughuli zake. Akaja Bi Choroa peke yake, akasimama mlangoni, pembe zake ndefu zikielekea njiani.

"Kwani wanataka na pembe tena?" Ngiri aliuliza.

"Hapana. Meno tu."

"Sasa wewe umefuata nini?"

"Nimesikia unalia."

Haya zikamjaa Ngiri. Kisha akatoka shimoni, akakaa kando yake.

"Mwanao alikuwa anaitwa nani?"

"Kiruka," akajibu Bi Choroa, uso ukimchangamka. "Mtundu huyo! Siku moja aliruka vibaya, akatua mgongoni mwa Kiboko."

Ngiri akacheka meno yote nje, wala hakukumbuka kuyaficha.