Mtihani wa Programu Tatu

Mwalimu mstaafu alirudi kutoka kuanua nguo akamkuta fundi sebuleni, kompyuta ameikumbatia, waya ameuzungushia mkononi.

"Afadhali umewahi," alimwambia. "Haishiki Wi-Fi tangu juzi, na saa kumi mwanangu ananionyesha mjukuu wangu wa kwanza. Nisipomwona leo nitaugua. Aliyeniwekea huo mfumo wa Linux ni yeye mwenyewe, kisha akapanda ndege. Kaa, baba."

Fundi alikaa. Alikuwa mtu wa haya kupita kiasi. Jasho lilimtiririka, na jina hakutaja.

Alipoiwasha kompyuta, aliguna. Kumbe ndani yake kulikuwa na programu tatu za kuunganisha Wi-Fi, zote zinafanya kazi kwa pamoja, zinagombea antena moja.

"Mafahali wawili hawakai zizi moja, mama. Humu wamo watatu."

"Basi tuwape mtihani, abaki mmoja." Mwalimu akachukua kalamu yake nyekundu.

Ya kwanza ilikuwa na vitufe vya kupendeza. Ilizungusha kiduara dakika sita na kuomba neno la siri mara nne.

"Maringo tele, kazi hamna," alisema Mwalimu. "Ishirini kwa mia."

Ya pili haikuwa na picha hata moja, ni kuandika amri tu. Ilishika, ikaachia, ikashika tena. Fundi alisahau haya zake, akaanza kuitetea.

"Mpe hata hamsini, mama. Anajitahidi."

"Wote husema hivyo." Akampa arobaini.

Ya tatu, nyepesi kuliko zote, ilishika kwa sekunde mbili. Mwalimu hakuridhika upesi. Alimtuma fundi atoke na kompyuta hadi getini, waone kama itahimili. Fundi alirudi mbio, anahema.

"Haijatetereka, mama. Hata kidogo."

Tisini na tano. Nyingine mbili zikafutwa.

Saa kumi kamili kioo kilijaa uso mdogo uliokunjamana, unapiga mwayo. Mwalimu alilia kwa furaha bila kujificha. Fundi naye alijifuta macho kwa mkono wa shati.

Mara hodi ikapigwa mlangoni.

"Mimi fundi wa kompyuta, mama. Samahani, nimechelewa."

Mwalimu aligeuka. Mguu mmoja wa yule jamaa wa kwanza ulikuwa umeshavuka dirisha.

"Akitaka kukurudishia ile programu ya kwanza, mama," alinong'ona, "huyo usimwamini."